Namba ya Bastola ya Mzee Suud

Tak.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama kokwa ya tende iliyoangushwa juu ya sinia tupu. Marhoon bin Suud ana miaka sitini na mitatu, na mpaka leo huusikia kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo nyumba yote imesinzia na viyoyozi vinanguruma peke yao. Ni mlio wa bastola ya baba yake. Mzee Suud alikuwa akitandika kitambaa mkekani, akachomoa kasha la risasi, ambalo siku zote lilikuwa tupu, akavuta nyuma chuma cha juu, akachungulia ndani kwa jicho moja, kisha akakiachia kirudi mahali pake. Tak. Halafu alikuwa akisema, kama mtu aliyemaliza kumfunika mtoto shuka: "Imelala."

Na kuirudisha kabatini mpaka Ijumaa nyingine.

Wanawe hawakuwahi kumwona akiipiga. Aliinunua mwaka ule ule aliofika Maskati kutoka Tabora, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu mzima mwenye mke na wana wawili, na Kiarabu cha kuokoteza. Kule Tabora alikuwa Mwarabu. Alipofika huku akaambiwa ni Mzanzibari, yeye ambaye Unguja hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Sokoni walimrudishia neno alilolitamka vibaya, wakamrudishia tena, wakacheka. Basi akanunua bastola kwa mtu mmoja wa milimani, akaiandikisha, akapewa karatasi yenye jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, na chini ya majina hayo namba tano zilizogongwa kwenye ubavu wa chuma kile. Siku ya harusi ya jirani akaivaa kiunoni kando ya jambia.

"Siku ile," alikuwa akihadithia mpaka uzeeni, "hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi."

Karatasi ile aliitia ndani ya msahafu. Bastola ilikuwa ya kabatini, lakini karatasi ilikuwa ya moyoni.

Mzee Suud alifariki mwaka juzi. Katika wasia wake shamba la mitende lilikwenda kwa mkubwa, Murshid, ambaye ana jumba lake Qurum na hajui mtende unamwagiliwa vipi. Bastola ikaandikwa ya Marhoon. "Yeye ndiye anayejua kutunza vitu," marehemu aliandika, na sentensi hiyo Marhoon aliisoma mara nyingi kuliko alivyosoma barua yoyote ya serikali.

Na kweli alijua kutunza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani. Alitembea masoko ya Hamriya, Ruwi na Matrah na sanduku lake la mawe ya mfano, mawe ya shaba yaliyolala katika mahameli nyekundu kama mayai, akiingia duka hadi duka, akipima mizani za watu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wauza duka walimwogopa si kwa ukali, maana hakuwa nao, bali kwa macho. Doa ambalo mwenye duka hakuliona miaka kumi, Marhoon aliliona kabla hajavua viatu.

Alipostaafu, macho yale yalirudi nyumbani nayo yakakosa kazi. Akaanza kung'arisha vitasa vya milango. Akang'arisha mabuli ya kahawa, vyetezo, bawaba za sanduku la mkewe, hata bomba la uani.

"Msikae karibu naye sana," mkewe Nadra aliwaambia wageni. "Mtasuguliwa."

*

Jambo lenyewe lilianzia katika harusi. Kipupwe kilichopita Murshid aliozesha mwanawe, karamu kubwa hotelini Qurum, na Marhoon akaenda amevaa bastola ya baba, kwa kuwa katika ukoo wao ndivyo wanavyopokea wakwe: mwenye silaha ya mzee huivaa, ikiwa tupu, kwa heshima tu. Ilikuwa bastola ya zamani iliyochujuka. Weusi wake ulikuwa umelika pale mkono wa marehemu ulipozoea kushika, na kingo zake zilikuwa na rangi ya chai kavu ya mkandaa.

Murshid aliitazama, akamshika mdogo wake bega mbele ya wakwe, akasema kwa sauti ya kuchekesha watu: "Jamani, msimcheke ndugu yangu. Nimemwambia aje na bastola, kaja na mbuzi ya kukunia nazi!"

Wakacheka. Marhoon naye akacheka. Lakini kicheko kile kilibaki kooni kama mwiba wa samaki: ukinywa maji haushuki, ukila tonge haushuki.

Sasa ikawa zamu ya binti yake, Wijdan. Harusi ilipangwa Alkhamisi. Na Jumapili ya juma hilo hilo Marhoon alikuwa ameitwa katika ofisi ya vibali, yeye na ndugu yake kwa kuwa wote ni warithi, apeleke bastola na karatasi ya marehemu ili zikaguliwe na kuandikwa kwa jina lake. Akaona ana wiki tatu. Akaapa moyoni kwamba safari hii wakwe watajiona nyuso zao katika chuma kile.

Dawa ya kung'arishia aliipata Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, kwa kijana wa Kenya aitwaye Japheth, ambaye kazi yake ni kuyasugua magari yaliyotumika mpaka yadanganye kuwa mapya. Marhoon alimpelekea gari lake kila baada ya miezi miwili, na alipenda kumtazama anavyofanya kazi, mkono ukizunguka polepole bila haraka.

"Leo arbab huna gari," Japheth alisema, kwa neno la Ghuba la kumwita bosi. "Unataka kung'arisha nini?"

"Chuma."

"Chuma ya gari?"

"Chuma cha baba yangu."

Japheth alimtazama, akatabasamu. Huku Ghuba mtu hujifunza mapema maswali ya kutouliza. Akamfungia kikopo cha dawa, vipande vya msasa kuanzia wa kukwaruza hadi ulio laini kama karatasi ya barua, na gurudumu dogo la sufi la kufunga kwenye drili.

"Sikiza, mzee. Usikimbizane nayo. Na pahali iko na maandishi, funika na tepu. Usiguse kabisa. Maandishi haina ngozi ya pili."

"Wanifundisha mie habari za maandishi?" Marhoon akacheka. "Nimekula mshahara wa maandishi miaka thelathini na moja."

"Sawa, arbab. Mimi nakula mshahara wa tepu."

*

Alifanyia kazi katika stoo ya nyuma ya jiko, asubuhi baada ya kifungua kinywa, pale ambapo dirisha linaingiza mwanga wa mashariki. Kwanza aliifungua kama alivyokuwa akifanya baba yake, akachungulia ndani, akaachia chuma. Tak. "Imelala," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, jinsi ilivyofanana.

Kisha akakata kipande cha utepe wa gundi, akaifunika namba ubavuni, akabana kingo kwa ukucha.

Siku za kwanza zilikuwa za raha. Weusi wa zamani ulitoka kidogo kidogo ukaacha kijivu, kijivu kikatoka kikaacha weupe. Mtutu ulianza kuonyesha dirisha, kisha ukaonyesha nondo za dirisha, kisha ndege aliyetua kwenye nondo. Mpini wa mti aliupaka mafuta, mishipa yake ikafufuka. Nadra alikuja akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mashallah. Lakini hebu niambie, bwana. Mzee angeipenda hivi?"

"Kwa nini asiipende?"

"Sijui. Mie nna mazoea ya kuiona ile nyengine."

Siku ya tisa kazi ilikuwa imekwisha. Bastola ililala juu ya taulo kama kitu kilichomwagwa, si kilichofuliwa na mhunzi. Marhoon akabandua utepe.

Hapo ndipo shetani wake alipokuwa akimsubiri. Chini ya utepe palibaki kipande cha mstatili, cheusi, kichafu, kikubwa kama kucha ya kidole gumba, na katikati yake namba tano za zamani. Kila mahali kioo, hapo tu giza. Mtu mwingine asingelijali. Mtu mwingine angesema, hapo ni mahali pa namba, pako hivyo. Lakini macho ya Marhoon hayakuona kitu kingine chochote. Aligeuza bastola upande wa pili, akajua kuwa doa liko nyuma. Akaifunika taulo, akaliona kupitia taulo. Akaenda akaswali adhuhuri, na katika rakaa ya tatu akaliona kwenye mkeka wa kuswalia.

Kesho yake asubuhi alirudi stoo. Kidogo tu, alijiambia. Ule weusi wa pembeni tu, kingo zilainike. Alifunga gurudumu la sufi, akatia dawa, akawasha drili. Akagusa. Akainua, akatazama, kingo zimelainika kidogo. Akagusa tena. Kulikuwa na wakati, hajui ni wakati gani hasa, ambapo mkono uliacha kumsikiliza ukaanza kuisikiliza ile nuru iliyokuwa ikija. Na iliyokuja ilikuwa nzuri, ikienea sawasawa, bila mpaka, bila doa, mpaka ubavu wote ukawa maji.

Alipofuta dawa kwa kitambaa na kuipeleka bastola dirishani, alikuta kioo kinachomtazama. Ndani ya kioo uso wake, na juu ya uso wake ile nne ya mwanzoni na ile saba ya mwishoni. Katikati hapakuwa na kitu. Aliigeuza huku na huku akitafuta pembe ya mwanga itakayozirudisha tatu zilizokwenda. Mara moja alidhani ameona mkia wa tisa. Ilikuwa alama ya kidole chake.

Alikaa chini, juu ya gunia la mchele.

*

"Haisomeki?" Nadra aliuliza. Alikuwa ameinama na miwani yake, kisha akaenda akaleta na miwani ya mumewe, kana kwamba miwani mbili zingeona zaidi.

"Haisomeki."

"Si iko kwenye karatasi lakini? Namba?"

"Iko kwenye karatasi. Karatasi inasema hivi, chuma hakisemi kitu. Nani atakayejua kuwa karatasi hii ni ya chuma hiki?"

"Wee utajua."

Marhoon akamtazama mkewe, na kitu kilichopita usoni mwake Nadra hakukielewa, akadhani ni hasira.

Haikuwa hasira. Alikuwa ameiona Hamriya, miaka ishirini na tano nyuma. Duka la bizari la Saeed, mtu mfupi, mcheshi, wa watu wa Pemba. Mawe yake ya mizani yalikuwa yaking'aa kuliko yote sokoni, kwa kuwa mkewe aliyasugua kila Alkhamisi kwa ukwaju na majivu. Marhoon aliyainua moja moja. Chapa ya serikali ilikuwa imesuguliwa ikaisha. Aliyapima: uzito ulikuwa sawa, au karibu na sawa, na kilichopungua kilipungua kwa kusuguliwa. Aliandika hata hivyo kwamba yachukuliwe yote. Alama haisomeki.

"Sheikh," Saeed alimwambia, "kwa hiyo kosa letu ni usafi?"

Na Marhoon, kijana wa miaka thelathini na nane, mwenye kalamu mbili, alimjibu: "Kisichosomeka hakina shahidi."

Aliipenda sentensi ile. Aliirudia ofisini. Aliirudia mezani kwake akiwafundisha wakaguzi wapya. Sasa ilikuwa imekuja kumtembelea, imekaa naye stoo, juu ya gunia la mchele.

*

Alimpigia simu Murshid, kwa sababu hakuwa na ndugu mwingine. Murshid alikuja na gari lake kubwa, akaitwaa bastola, akapiga mluzi.

"Ah, lakini imependeza, wallahi. Sasa hii silaha." Kisha akaona. "Ya Rabbi. Marhoon! Wee ndo mkaguzi?"

"Niache, kaka."

"Mkaguzi wa mizani kafuta namba! Watu wakisikia..."

"Nimesema niache."

Murshid akaacha. Akakaa, akakunja kanzu yake magotini, na sauti yake ikawa ya mtu wa biashara. "Basi sikiliza. Wakiikuta hivi wataichukua. Hawatakuuliza ya nani, hawatakuuliza harusi lini. Chuma kisicho na namba kinatia watu wasiwasi, na wana haki. Baba kaishi na kitu hiki miaka hamsini, jina lake limo katika daftari lao, na Alkhamisi wee utapokea wakwe huna kitu kiunoni, na huenda polisi wanakutaka. Hapana. Pale Hamriya kuna fundi wa mihuri na funguo. Ana herufi, ana namba, anagonga chochote. Namba si tunayo kwenye karatasi? Hatuibi. Tunarudisha kilichokuwapo."

"Hiyo ni kughushi."

"Kughushi ni kuandika uongo. Hii kweli."

Marhoon hakujibu, na Murshid alimjua mdogo wake vizuri kiasi cha kujua kuwa kutojibu ni nusu ya kukubali.

Jioni ya Alkhamisi iliyofuata, wiki moja kabla ya ile ya harusi, baada ya laasiri, Marhoon alikwenda Hamriya. Bastola hakuibeba. Alibeba namba tano kwenye kipande cha karatasi, ili akaulize kwanza tu, alijiambia, kuuliza si kutenda. Aliegesha mbali, akatembea. Njia zote alizijua kwa miguu. Maduka yalikuwa yamebadilika majina, lakini ngazi zilikuwa zile zile. Aliliona duka la mihuri kabla hajalifikia: ubao wa funguo nyingi zinazoning'inia, na fundi ndani ameinama.

"Mkaguzi!"

Aliganda. Milango miwili kabla ya fundi wa mihuri, kwenye kiti cha plastiki, kati ya magunia ya iliki na mdalasini, alikaa Saeed. Amezeeka, amepungua, macho yale yale.

"Umechelewa, mkaguzi! Siku hizi mizani yangu ya umeme. Hupati kitu hapa!"

"Nimestaafu, Bwana Saeed."

"Shukuru Mungu. Soko limepumua. Kaa, kaa, unywe kahawa. Usitazame mabuli, machafu makusudi."

Hakukuwa na njia ya kukataa. Marhoon akakaa, goti kwa goti na mtu yule, kikombe kidogo mkononi. Karatasi ya namba ilikuwa mfukoni mwa kanzu, naye aliihisi kama kaa la moto. Saeed aliuliza habari za nyumbani, za Wijdan, akaomba Mungu amjaalie. Kisha akacheka peke yake.

"Unayakumbuka mawe yangu?"

"Nayakumbuka."

"Marehemu mke wangu alilia siku tatu. Alidhani kanifungisha kwa ukwaju wake. Nikamwambia, usilie mwanamke, kosa la usafi si kosa la wizi. Ila yule mkaguzi mrefu hakulijua hilo, alikuwa bado mdogo." Akamgonga Marhoon gotini kwa kidole, bila kinyongo. "Na jioni ile ile akaja jirani, baba wa huyu fundi wa hapa. Akaniambia, lete mawe mengine, nikugongee chapa, mkaguzi hajui kitu. Sasa nikuulize leo, maana nimengoja muda mrefu. Ungejua?"

Marhoon alifikiri kwa uaminifu. "Nisingejua."

"Unaona! Nami nilijua hungejua." Alicheka mpaka akakohoa. "Nikakataa lakini. Nikamwambia, yeye hatajua, mie ntajua. Kila nikipima nusu ratili ya bizari, ntajua. Na mie mtu wa usingizi, Marhoon. Usingizi wangu siuharibu kwa ajili ya serikali. Wiki tatu nikauza kwa kikombe, wateja wakinicheka, mpaka mawe mapya yakaja." Akamimina kahawa nyingine. "Haya, wee umekuja kutafuta nini Hamriya jioni hii?"

Milango miwili mbele, nyundo ndogo ya fundi ilikuwa ikigonga. Tak. Kimya. Tak.

"Bizari," Marhoon alisema.

Nadra alipoupokea mfuko jikoni aliufungua, akaunusa, akamtazama. "Bizari? Tuna bizari ya kuozesha mabinti watatu." Lakini aliona uso wake, akaufunga mfuko. Baadaye tu, akikunja nguo za harusi, alisema bila kumtazama: "Siku ya nikaha, mkono utakaomshika mkwe ni wako. Mie hilo tu ndo nnalolifikiria."

*

"Basi," alisema Murshid asubuhi ya Jumapili garini, "kama hutaki kugonga, kuna njia nyepesi zaidi. Sema ni Baba."

"Nini?"

"Baba ndiye aliyeisugua. Mtu mzima, kazeeka, anapenda usafi, kasugua miaka hamsini ikaisha. Nani atabisha? Maiti hafungwi, Marhoon. Watasikitika, watazungumza, wataandika namba mpya, na Alkhamisi utaivaa."

Marhoon alitazama barabara. Bastola ilikuwa mapajani mwake ndani ya sanduku, imelala juu ya kitambaa cha Ijumaa. Karatasi ya marehemu ilikuwa juu yake, bado na harufu ya msahafu.

Ofisini walihudumiwa na binti wa miaka ishirini na kitu, sare yake imepigwa pasi mpaka kingo zikakata. Aliwaita kwa adabu, "Karibuni, wajomba," akaikagua bastola kama ni tupu, akaisifu kwa kung'aa. Kisha akachukua kioo cha kukuzia. Aliinama juu ya ubavu ule kwa muda mrefu. Marhoon aliyajua macho yale. Yalikuwa yake.

"Namba haisomeki," binti alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka, lakini adabu ilibaki. "Imefutwa. Nani aliyeifuta?"

"Marehemu baba yetu," Murshid alijibu haraka, kwa Kiarabu kizuri, Kiarabu ambacho Mzee Suud hakuwahi kukipata. "Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Kila Ijumaa anasugua, anasugua."

Binti akavuta fomu. "Mungu amrehemu. Basi ieleweni hali, wajomba. Kama ni yeye, nitaandika kwamba mmiliki wa kwanza ndiye aliyeondoa alama, na maelezo hayo yatakaa katika faili lake. Ninyi hamna kosa, nadhani mtapewa. Kama ni mtu mwingine, italazimu silaha ibaki hapa, na mtu huyo aandikishe maelezo, na sijui itachukua muda gani." Aliivuta karibu karatasi ya zamani, iliyokunjika mara nne, akaanza kunakili jina polepole, akilitamka chini kwa chini: Suud, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Kalamu yake ikashuka kwenye mstari wa chini, mstari wa sababu, ikasimama hapo.

Akainua macho, akampita Murshid, akamtazama yule aliyekaa kimya na sanduku tupu mapajani.

"Ndivyo ilivyokuwa, mjomba? Ni marehemu?"

Murshid aliukanyaga mguu wa mdogo wake chini ya meza.

Marhoon aliitazama bastola juu ya meza. Ilikuwa nzuri sana. Ndani yake iliingia taa ya dari, na mkono wa binti, na kalamu, na uso wa mtu mzee aliyekuwa akifungua kinywa. Aliona Alkhamisi itakavyokuwa: wakwe mlangoni, mkono wake ukitafuta kiunoni kitu kisichokuwapo. Alimwona pia mtu mwingine, mtu mzima aliyetoka Tabora na Kiarabu cha kuokoteza, amesimama mbele ya meza kama hii, akipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Baba aliiacha inasomeka," alisema, kwa sauti ndogo hata binti akalazimika kuinama ili amsikie. "Ni mie niliyeifuta."